Ndugu wanataka methadoni ikatwe baada ya miezi sita: tuwajibu vipi kwa hoja na namba?

DadaMwezeshaji aliandika:

Habari zenu wakuu. Naandaa maelezo ya kikao cha familia ambazo ndugu zao wako kwenye tiba ya uraibu wa heroini na wanakunywa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kila siku. Maneno ya kutia moyo yapo tele. Ninachotafuta ni majibu yanayoshikika, maana vikaoni maswali huwa yaleyale, na mtu akijibiwa juujuu anaondoka na msimamo aliokuja nao.

La kwanza (unga ni heroini, kikombe ni dozi ya methadoni): "Kaacha unga kashika kikombe. Si uraibu uleule umebadilishwa jina?"

La pili: "Miezi sita inatosha, daktari akate sasa." Tuchukue mfano wa mtu aliye kwenye 80 mg, mwezi wa saba wa tiba, hajagusa unga kwa miezi mitano, kazini amerudi, lakini nyumbani wanasema hajapona mpaka kikombe kiishe. Kushushwa salama kunakwendaje, kunachukua muda gani, na mwenye kauli ni nani?

La tatu: familia zinanunua vijiti vya kupima mkojo na kupimana nyumbani. Ugomvi unaotoka hapo ni mkubwa. Nani anaweza kueleza vinavyosomwa?

La nne ni lugha. Watu wanasema "teja" mbele ya mhusika, kisha wanauliza mbona hakai sebuleni na wenzake.

Anayejua kwa undani anisaidie, hata kwa swali moja tu.

DirishaLaDozi alijibu:

Swali la kwanza, dada, lijibu kwa saa. Chora mstari wa saa 24 ubaoni.

Heroini inapanda ndani ya dakika na kushuka ndani ya saa chache. Kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, inaanza: kamasi, machozi, miayo, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, mifupa kuuma. Kwa hiyo siku ya anayekula unga ina milima na mabonde, na kila akifika bondeni kazi ni moja tu, kutafuta pesa ya kupanda tena. Sasa chora mstari wa methadoni chini yake. Ikinywewa inafika kileleni baada ya saa 2 hadi 4, tena taratibu, halafu inashuka polepole kiasi kwamba kesho saa kama ile bado imo mwilini. Kwa mtu aliyekwisha kuizoea dozi yake, huo mstari ni karibu tambarare. Hana stimu ya kulewa, hana arosto. Siku yake imerudi mikononi mwake. Mistari hii miwili ikikaa juu na chini ubaoni, nusu ya ubishi unakwisha.

Halafu tenganisha maneno mawili ambayo watu wanayachanganya. Utegemezi wa mwili maana yake ni kwamba mwili umezoea dawa na utalalamika ikikatwa ghafla. Hilo liko kwenye methadoni, na usilifiche, kwa sababu ukificha watakukamata hapohapo. Uraibu ni jambo jingine: kushindwa kujizuia, kuendelea kutumia huku madhara yanaonekana, maisha yote kuzunguka kitu kimoja. Wapo wagonjwa wengi ambao dawa yao ikikatwa ghafla wanaumia, mwenye kifafa ni mmojawapo, na hakuna anayemwita mraibu wa vidonge vyake.

Tiba hii haijaanza jana. Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yao ya kwanza kutoka New York mwaka 1965, wakiwa na wagonjwa 22. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mtu akisema "ni majaribio", mpe hizo tarehe.

Kitu ambacho familia haielewi kabisa ni mwanzo wa tiba. Siku ya kwanza dozi huwa 20 hadi 30 mg, na mgonjwa anaweza kutoka hapo bado anaumwa. Ndugu wanasema dozi haitoshi, mbona hamumwongezei? Sababu ni kwamba dawa inajikusanya. Ya jana haijaisha, ya leo inaingia juu yake. 30 mg zilezile za siku ya kwanza zinakuwa nzito zaidi damuni siku ya nne. Ndiyo maana dozi inaongezwa 5 hadi 10 mg tu kwa hatua, na kati ya hatua mnasubiri siku 3 hadi 5. Hatari kubwa ya wiki mbili za kwanza inatoka kwa mtu mwema nyumbani anayempa ndugu yake kidonge cha usingizi "apumzike kidogo". Methadoni, vidonge vya jamii ya diazepamu na pombe vyote vinapunguza kasi ya kupumua. Vikikutana, mtu analala na haamki.

Na dozi ndogo si fadhila. Wengi wanatulia kati ya 60 na 120 mg. Dozi ikifika kiwango chake inafunga mlango pia, hata akigusa unga hausikii kama zamani. Aliyebakizwa kwenye 30 au 40 mg kwa sababu ndugu wanaogopa namba kubwa anaamka na arosto alfajiri, na huyo ndiye anayerudi maskani.

Jingine, na hili niliandike kwa herufi kubwa moyoni mwangu: dawa za kifua kikuu. Rifampisini inalifanya ini limeng'enye methadoni haraka. Mtu alikuwa ametulia kwenye 80 mg, anaanza dawa za kifua kikuu, na ndani ya siku chache arosto inarudi. Nyumbani wanasema anatafuta kisingizio cha kuongezewa dozi. Hasingizii, dozi yake imeyeyuka kweli na inabidi ipandishwe, wakati mwingine kwa nusu yake au zaidi. Upande wa pili ndio unaosahaulika. Matibabu ya kifua kikuu yakiisha, ini linarudi kwenye mwendo wake wa zamani ndani ya wiki mbili hivi, na ile dozi iliyopandishwa sasa ni kubwa mno. Isiposhushwa inaweza kuua. Efavirenzi na nevirapini, dawa za virusi vya UKIMWI, nazo zinashusha kiwango cha methadoni. Dolutegraviri haileti tatizo hilo. Flukonazoli ya fangasi inakipandisha. Familia ikijua hata hili moja tu, kwamba dawa mpya yoyote itajwe dirishani, pale kliniki inapogawa dozi, kabla ya kumezwa, kikao chako kimefanya kazi.

Tabibu_Zamu alijibu:

Nachukua swali la pili.

Hesabu kwanza. Mtu yuko kwenye 80 mg. Tuseme yeye mwenyewe, si shangazi yake, ameamua kushuka. Kutoka 80 hadi 30, unapunguza 5 mg kila wiki mbili: hatua 10, wiki 20. Kuanzia 30 kwenda chini mwili unakuwa mwepesi kuhisi, kwa sababu 5 mg kutoka 80 ni sehemu ndogo lakini 5 mg kutoka 15 ni theluthi nzima. Kwa hiyo hapo unapunguza 2.5 mg kila wiki mbili: hatua 12, wiki 24. Jumla ni wiki 44, na hiyo ni kama hakuna hata siku moja ya kusimama. Usingizi ukikatika au hamu ya unga ikiamka, unasimama kwenye dozi hiyo wiki kadhaa, ikibidi unapanda hatua moja. Kiuhalisia ni mwaka mmoja na kitu. Familia inayosema "akate mwezi huu" inafikiria kitu kingine kabisa, na hicho kina jina: kukatisha tiba.

Arosto ya methadoni nayo waielewe. Ya heroini inakuja haraka, inafika kilele siku ya pili au ya tatu, kwa kawaida inakwisha ndani ya siku 4 hadi 10. Ya methadoni inachelewa kuanza, saa 12 hadi 48, na inaburuta siku 10 hadi 20. Baada ya hapo usingizi na mori wa maisha vinaweza kusumbua kwa miezi. Ndugu walioona arosto ya unga wanadhani wanaijua, halafu wiki ya pili wanashangaa mbona bado.

Sasa kwa nini siwashauri kuweka tarehe. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za watu zaidi ya 122,000 waliotibiwa kwa methadoni. Wakati wakiwa ndani ya tiba, vifo vilikuwa kama 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Walipokuwa nje ya tiba, 36. Vifo vya kuzidisha dozi peke yake: karibu 3 ndani, karibu 13 nje. Na wiki nne za kwanza baada ya kuacha tiba ndizo zenye hatari kubwa zaidi.

Sababu ya hizo wiki nne haina fumbo. Uwezo wa mwili kuhimili heroini unapotea ndani ya siku na wiki, lakini kumbukumbu ya kiasi alichokuwa akitumia haipotei. Mtu anarudi siku moja na kiasi chake cha zamani, na kile kiasi cha zamani sasa ni sumu. Ndiyo maana watu wanakufa wakitoka gerezani, wakitoka wodini, wakitoka kwenye nyumba ya kurekebisha tabia, siku ambazo ndugu wameshaanza kusema "huyu sasa amepona".

Mwenye kauli ni mgonjwa, akiwa na tabibu wake. Mimi kabla ya kukubali kuanza kushusha naangalia mambo haya: amekaa bila unga muda gani (miezi mitano ni michache, ningependa zaidi ya mwaka), analala wapi, ana kipato chochote, anaishi na mtu anayetumia, pombe ikoje, na zaidi ya yote, sababu ya kutaka kushuka ni ya nani. Nikiuliza "unataka nini?" akajibu "mama anataka", tunabaki pale tulipo. Na anayeshuka lazima aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba kupanda tena kunaruhusiwa wala si aibu.

Kuhusu kukosa dozi, maana familia huwa zinamzuia mtu "siku moja moja, azoee": akikosa siku moja au mbili kwa kawaida anaendelea na dozi yake. Akikosa tatu au zaidi hapewi dozi kamili kabla ya kuchunguzwa, mara nyingi inapunguzwa kwa nusu. Akifika tano, miongozo mingi inamrudisha mwanzo kabisa, 30 mg au chini yake, na kupanda tena hatua kwa hatua. "Siku moja moja" za ndugu zinaweza kumgharimu mgonjwa wiki nyingi.

Mlezi_Soba alijibu:

Naheshimu yaliyosemwa ila naona mmeegemea upande mmoja. Wapo watu wana miaka mitano kwenye kikombe, asubuhi wanakunywa dozi, mchana wanakunywa pombe na kumeza vidonge, na hakuna mtu anayekaa nao kuongea. Mnahesabu kwamba wako kwenye tiba. Tiba gani hiyo? Na wapo waliotoka soba hausi, zile nyumba za kurekebisha tabia, bila dawa yoyote, wana miaka na miaka, wanalea watoto wao. Hao mbona hawatajwi? Ndugu akisema anataka kumwona mtu wake huru kabisa, msimfanye adui.

Tabibu_Zamu alijibu:

Mlezi, hoja yako ya kwanza naikubali yote. Methadoni inatibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Haitibu pombe, haitibu vidonge, haitibu kokeini. Mtu anayekunywa dozi asubuhi na pombe mchana ana ugonjwa wa pili ambao haujatibiwa, na yuko hatarini kuliko wenzake. Kosa liko kwa sisi tunaompa kikombe tukageukia anayefuata.

Na waliotoka bila dawa wapo, wanastahili heshima yao. Ubishi wangu uko sehemu moja: kumwambia aliyetulia kwenye dawa kwamba hesabu yake haijaanza. Tukitaka kujua kama mtu ana nafuu, tumuulize anatumia nini siku ya leo, analala vipi, anafanya kazi gani, watoto wake wanamwonaje. Miligramu haijibu hata moja ya hayo.

Kwa nyumba yako, kwa kuwa wewe ndiwe unayepokea watu usiku bila mimi kuwepo, naomba mambo mawili.

Kwanza, mlevi wa kila siku usimpokee na kumfungia mlango. Pombe ikikatwa ghafla kwa mtu aliyezoea sana, mikono inaanza kutetemeka saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya saa 48. Kuweweseka na kuchanganyikiwa, pamoja na homa na mapigo kwenda mbio, kunakuja kati ya siku ya pili na ya nne. Arosto ya heroini inatesa lakini kwa mtu mwenye afya ya kawaida anayepata maji haiui mara kwa mara. Ya pombe inaua. Muulize: umewahi kupata degedege ulipoacha? Ukiamka asubuhi unatetemeka mpaka unywe? Jibu likiwa ndiyo, aende hospitali kwanza, apewe diazepamu ya kupunguzwa ndani ya siku 5 hadi 7 hivi, na tiamini (vitamini B1). Tiamini itangulie kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu ubongo wenye upungufu wa tiamini unaweza kuumia ukipewa sukari peke yake. Aliyezoea vidonge vya jamii ya diazepamu naye usimkatie ghafla; degedege ni lilelile.

Pili, mtu aliyekuja kwako akaacha unga bila dawa, kabla hajatoka mweleze kwa maneno yasiyo na kona: mwili wako haustahimili tena. Wako walezi wanaoogopa kusema hivyo wakidhani wanampa ruhusa. Unampa uhai. Kama anataka kinga ya dawa isiyo na utegemezi, ipo naltreksoni, inafunga vipokezi, yaani sehemu za mwili ambako unga hushika, ili usifanye kazi. Lakini asiimeze kabla hajapita siku 7 hadi 10 bila heroini, na kama alikuwa kwenye methadoni siku 10 hadi 14. Ikimezwa mapema inaamsha arosto kali papo hapo, na hapo huwezi kuizima.

Mlezi_Soba alijibu:

La pombe nimelichukua. Maswali hayo mawili yanaingia kwenye fomu ya mapokezi leo. La kumwambia mtu anayetoka kuhusu mwili kutostahimili, nitakuwa mkweli, wengi wetu hatusemi. Nalo naliingiza.

Maabara_Ndogo alijibu:

Swali la tatu ni langu. Vijiti vya mkojo.

Kosa la kwanza, na ndilo linalovunja nyumba: kijiti kinasomwa kinyume na watu wanavyotarajia. Kina sehemu mbili za mstari, moja yenye herufi C na nyingine T. Mstari wa C unaonyesha kijiti kimefanya kazi. Usipotokea, tupa, hakuna jibu. Mstari wa T ukitokea, dawa haijaonekana. Usipotokea, dawa imeonekana. Watu waliozoea kipimo cha ujauzito wanaona mistari miwili wanapiga kelele "anatumia!" kumbe mistari miwili maana yake ni hapana.

La pili: mstari wa T hafifu ni mstari. Hata ukiwa mwembamba kama alama ya penseli iliyofutwa, jibu ni kwamba haijaonekana. Hakuna "kidogo anatumia". Na usome ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi 5. Kijiti kilichosahaulika dirishani kwa saa nzima hakisomwi tena.

La tatu: kijiti cha morfini hakioni methadoni. Methadoni ina kijiti chake. Kwa hiyo mgonjwa anayekunywa dozi vizuri hatakiwi kuonekana kwenye cha morfini kwa sababu ya dozi. Lakini dawa ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini itaonekana humo, na kijiti hakitofautishi kodeini na heroini. Cha methadoni kikionyesha "imeonekana" ni habari njema, anakunywa dawa yake.

Heroini huonekana kwenye mkojo kwa siku 2 hadi 3 hivi tangu ilipotumika. Bangi kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha. Ukimpima aliyeacha bangi wiki mbili zilizopita ukamwita mwongo, umekosea wewe.

Kijiti ni kipimo cha kuchuja tu. Jibu linalobishaniwa linathibitishwa maabara kwa mtambo. Ushauri wangu kwa familia ni kuacha kupimana nyumbani. Kliniki inapima, na mgonjwa akikubali wanaweza kuzungumza matokeo pamoja. Baba anayesimama mlangoni mwa choo kumwangalia mwanawe mtu mzima akikojoa hajapata habari yoyote ya maana, na kitu alichopoteza hakipimwi kwa kijiti.

Mnasihi_Kimya alijibu:

Nashukuru kwa hilo la mwisho. Naingia kwenye lugha, swali la nne.

Mwaka 2010 watafiti John Kelly na Cassandra Westerhoff waliwapa wahudumu wa afya ya akili na uraibu zaidi ya 500 maelezo ya mgonjwa mmoja. Maelezo yalikuwa yaleyale, isipokuwa nusu ya karatasi zilimwita kwa jina la lawama, kama sisi tunavyosema "mtumia vibaya", na nusu zilisema ni mtu mwenye ugonjwa wa matumizi ya dawa. Waliosoma neno la lawama walikubali zaidi kwamba mtu huyu ana hatia na anastahili adhabu. Na hao ni watu waliosomea kazi hii. Mjomba sebuleni itakuwaje?

Kikaoni usianze kwa kuwakataza watu kusema "teja". Wape cha kusema badala yake, tena kifupi. Jina lake, basi. Badala ya "mkojo mchafu" waseme "kipimo kimeonyesha" au "hakijaonyesha". Mkojo hauna dhambi. Badala ya "karudia tena" wajifunze kutenganisha mambo mawili: ameteleza, au amerudi kwenye matumizi. Kuteleza ni mara moja, na wahenga walishatuambia si kuanguka. Kurudi ni siku baada ya siku. Aliyeteleza akaitwa jina la aliyerudi mara nyingi anaona hana tena cha kulinda.

Akiteleza, yanayotakiwa ndani ya saa 24 ni machache. Asikose dozi ya kesho. Dirishani aseme alichotumia na saa, ili wahudumu wamwangalie kama amelewa kabla ya kumpa. Nyumbani asiulizwe "kwa nini?" usiku ule, aulizwe "ilianzia wapi?" kesho yake, akiwa amekula na kulala. Jibu la "ilianzia wapi" lina kazi: njia aliyopita, mtu aliyepiga simu, pesa iliyoingia siku hiyo, ugomvi wa asubuhi. Hapo kuna kitu cha kubadilisha. "Kwa nini" inaleta machozi au uongo. Na msimnyime nauli ya kliniki kama adhabu. Hilo naliona kama kosa kubwa kuliko yote ambayo familia inaweza kufanya, kwa namba alizozitaja Tabibu.

Kusinzia. Ndugu wanaona mtu anasinzia saa nne asubuhi wanasema "stimu". Kuna maswali ya kuuliza kwanza: alikunywa dozi saa ngapi? Dozi imepandishwa wiki hii? Kaanza dawa mpya? Alilala saa ngapi usiku? Dozi inafika kileleni saa 2 hadi 4 baada ya kunywewa, kwa hiyo akisinzia saa hizo kila siku, kliniki iambiwe, huenda ni kubwa mno kwake. Jasho jingi, choo kigumu na mdomo mkavu unaoharibu meno ni madhara ya dawa. Maji, mswaki mara mbili na dawa ya kulainisha choo vinasaidia zaidi ya mahubiri.

Kuaminiana hakurudi kwa hotuba, na familia iliyoibiwa ina haki ya kuwa na hofu. Msiwaambie wasahau. Waanze na kitu kidogo chenye mwisho unaoonekana: kumtuma dukani na risiti, wiki mbili, kisha ufunguo wa geti, kisha bajeti ya jambo moja. Yaandikwe, na yeye awepo yanapoandikwa. Ikivunjika moja, inarudi hiyo moja, si zote.

DadaMwezeshaji aliandika:

Asanteni sana, nimepata kuliko nilivyotarajia. Ile mistari miwili ya saa 24 na mstari hafifu wa T vinaingia kwenye karatasi ya kikao kama vilivyo. Nina dogo la mwisho. Baadhi ya wagonjwa wameanza kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani. Familia ziambiwe nini kuhusu kuzitunza, na mtu akizidiwa wafanye nini kabla msaada haujafika?

DirishaLaDozi alijibu:

Kutunza: sanduku lenye kufuli, juu, na ufunguo kwa mgonjwa mwenyewe. Chupa ibaki ileile yenye lebo. Isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu dawa ya maji inafanana na sharubati na mtoto hatauliza. Hata 10 mg zinaweza kumuua mtoto mdogo, na 50 mg mtu mzima ambaye hajazoea. Mtoto akinywa hata kama mnadhani ni tone, mpelekeni hospitali wakati bado yuko macho. Msisubiri asinzie, wala msimtapishe. Chupa tupu isuuzwe, maji yanywewe na mgonjwa, ndipo itupwe. Ndivyo tunavyofanya dirishani pia: anakunywa, tunamtilia maji kidogo kwenye kikombe, anakunywa tena, anaongea nasi sentensi moja ndipo anaondoka.

Kuzidiwa: hapumui vizuri, au anakoroma kwa sauti ya kubabaika kama mwenye maji kooni, midomo na kucha zimebadilika rangi, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, ukimwita na kumsugua kifua kwa vifundo vya vidole haamki. Ita msaada. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5. Uangalie kifua kinapanda. Pumzi ndiyo dawa ya kwanza. Kama mna naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya methadoni na heroini, toa sindano ya 0.4 mg kwenye msuli wa paja, hata juu ya nguo, au ile ya kupuliza puani. Endelea kupulizia pumzi. Baada ya dakika 2 hadi 3 kama hajaanza kupumua mwenyewe, toa nyingine. Akianza kupumua mlaze ubavu.

Usimmwagie maji, usimpe maziwa, usimtembeze, usimchome maji ya chumvi. Kila dakika inayokwenda kwenye hayo ubongo wake unakosa hewa.

Na sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapopotea. Naloksoni inafanya kazi kwa dakika 30 hadi 90. Methadoni inakaa zaidi ya siku. Mtu anaamka, anakasirika, anasema yuko sawa, anataka kwenda kulala. Naloksoni ikiisha methadoni bado ipo, na anazama tena akiwa peke yake chumbani. Kwa hiyo aliyezidiwa na methadoni anakwenda hospitali hata kama anatembea na kuongea, na mtu asiyelala anakaa naye mpaka wafike.